Parsaloi Ole Gilisho: Msemaji wa Wapurko na Kesi ya Mwaka 1913

Msafiri anayetoka Lanet kwa barabara ya Dundori kuelekea Ol Kalou hupanda ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa, na akigeuka nyuma huiona nchi yote imetandazwa chini yake: kreta ya Menengai, mji wa Nakuru na ziwa lake, na ng'ambo ya pili safu ya Mau iliyofifia kwa umbali. Msafiri huyo akiwa mwanafunzi wa isimu hatakosa kutambua kwamba majina mengi anayoyatamka ni ya Kimaasai. Nakuru, Naivasha, Elmenteita, Rongai, Soysambu, Nyahururu. Yote yalitoka katika vinywa vya watu waliochunga ng'ombe huku, kisha yakaingia katika ramani za wageni yakiwa yamechubuka kidogo. Dundori ya leo ni nchi ya viazi, kabichi na ng'ombe wa maziwa, na juu yake uko msitu wa serikali. Waliozipa sehemu nyingi za bonde hili majina, sharti uwatafute Narok.

Makala haya yanamhusu mtu aliyeshuhudia kuondolewa kwao, akakubali mara moja, akakubali mara ya pili, kisha akapinga. Mtu huyo ni Parsaloi Ole Gilisho. Katika vitabu vya historia vya shuleni anayetajwa zaidi ni Olonana, ambaye Waingereza walimwita Lenana, na ambaye jina lake limepewa kilele cha tatu cha Mlima Kenya pamoja na shule maarufu jijini Nairobi. Ole Gilisho hutajwa kwa mstari mmoja au miwili, aghalabu kama mtu aliyekuwa kando ya Olonana. Kwa maoni yangu mizani hiyo imepinda, na sababu zangu msomaji atazipata katika maisha yake mwenyewe.

Alizaliwa yapata mwaka 1875 katika ukoo mkubwa wa Wapurko, ambao ni mojawapo ya sehemu kubwa zaidi za taifa la Wamaasai. Jina lake halikunusurika mikononi mwa makarani. Neno ole kwa Kimaasai ni la uhusiano, sawa na wa au bin kwetu, kwa hiyo Ole Gilisho ni mwana wa Gilisho. Masikio ya Kiingereza yaliviunganisha vipande hivyo viwili vikawa kimoja, Legalishu, na ndivyo alivyoandikwa katika barua za serikali kwa miaka mingi. Hilo si jambo dogo. Kosa la tahajia katika orodha ya kodi hurekebishwa. Katika mkataba wa ardhi hubakia hapo milele, na mtu hutambulikana daima kwa jina ambalo mamake hakumwita.

Cheo chake nacho kilitafsiriwa vibaya. Waingereza walimwita chifu. Wamaasai hawakuwa na machifu. Walikuwa na marika, na kila rika lilichagua msemaji wake, olaiguenani, mtu wa kusikiliza kabla ya kusema na wa kusema yale ambayo wenzake wamekwisha kuyakubali. Ole Gilisho alikuwa olaiguenani wa morani wa Kipurko wa rika la Il-Tuati. Olonana kwa upande wake alikuwa oloiboni, yaani mtabiri na mganga mkuu, ambaye uwezo wake ulikuwa wa kiroho. Serikali ilimfanya mkuu wa Wamaasai wote kwa sababu ilihitaji mtu mmoja wa kuongea naye. Tofauti ya vyeo hivi viwili ni lazima msomaji aikumbuke, maana kesi yenyewe iliyozuka baadaye ilisimama juu yake. Olaiguenani hawezi kuitoa nchi. Aliyempa ulimi hakumpa ardhi.

Ujana wake uliangukia katika miaka mibaya. Sotoka iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafyeka ng'ombe, ikafuata ndui, na njaa juu yake. Mbatian, oloiboni mkuu, alifariki katika kipindi hichohicho, na wanawe wawili, Olonana na Sendeyo, wakapigania urithi. Ukisikia kwamba Waingereza waliwapata Wamaasai wakiwa dhaifu, hiyo ndiyo maana yake. Hata hivyo, udhaifu huo ulikuwa wa muda. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 mifugo ilikuwa imeongezeka tena, na Wapurko walikuwa wametapakaa kwenye malisho bora kuliko yote, kati ya Naivasha na Nakuru, penye maji, nyasi tamu na magadi.

Kwa bahati mbaya reli nayo ilipita hapohapo. Ilifika ziwani Victoria mwishoni mwa mwaka 1901, na serikali ya Uingereza, iliyotumia fedha nyingi kuijenga, ikataka mizigo ya kuirejeshea gharama. Kamishna wa wakati huo, Sir Charles Eliot, aliona dawa ni walowezi. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 kule Njoro, na kampuni moja, East Africa Syndicate, ikaahidiwa maili 500 za mraba ndani ya Bonde. Inafaa kusema kwamba Eliot alikuwa mwanaisimu wa kweli. Aliandika sarufi ya Kifini, na ndiye aliyeandika utangulizi wa kitabu cha Hollis kuhusu lugha na ngano za Wamaasai kilichochapishwa mwaka 1905. Kuipenda lugha ya watu na kuwatakia mema wenye lugha hiyo kumbe ni mambo mawili tofauti. Eliot alijiuzulu mwaka 1904 kwa kugombana na wakubwa wake London kuhusu ardhi hiyohiyo ya Bonde, na nafasi yake ikachukuliwa na Sir Donald Stewart.

Agosti 1904, Stewart na viongozi wa Wamaasai walitia alama zao kwenye mkataba. Kwa mujibu wa maandishi yake, Wamaasai waliamua kwa hiari yao kuondoka Bondeni na kuhamia katika hifadhi mbili, moja kaskazini huko Laikipia na nyingine kusini mwa reli. Waliachiwa njia ya upana wa nusu maili ya kuunganisha hifadhi hizo, na maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe za tohara. Na waliahidiwa kwamba hifadhi hizo zingekuwa zao maadamu taifa la Wamaasai lingalipo duniani. Olonana alitia alama. Ole Gilisho alitia alama.

Hapa naomba msomaji avumilie, kwa sababu karatasi hiyo inatuhusu sisi wa Kiswahili zaidi ya tunavyodhani. Chini ya mkataba wamo wakalimani. Wa kwanza ni afisa wa serikali, C. W. Hobley, ambaye kando ya jina lake imeandikwa lugha ya Kiswahili. Wengine wameandikiwa Kimaasai, na mmoja wao anaitwa Waziri bin Mwynbego, jina ambalo hata likiwa limeharibiwa na kalamu bado linanukia pwani. Maana yake ni kwamba maneno ya Kiingereza cha kisheria yalimwagwa kwanza katika Kiswahili, kisha yakamwagwa tena katika Kimaasai, ndipo yakawafikia wazee waliokuwa wameketi. Kiswahili ndicho kilichokuwa kivuko. Yeyote aliyewahi kufanya somo la tafsiri anajua kinachopotea kati ya lugha mbili. Sembuse tatu, mbele ya watu ambao hawakuwa na dhana ya kuuza malisho kama anavyouzwa mbuzi. Hata neno mkataba lenyewe, ndugu yake kitabu na katiba, limetokana na mzizi wa Kiarabu wa kuandika. Mapatano ya Wamaasai hayakuandikwa. Yalisemwa mbele ya mashahidi, na nyasi zilizong'olewa na kushikwa mkononi zilikuwa ishara ya amani. Sidai kwamba wakalimani walidanganya. Ninachodai ni kwamba neno hiari lilivuka mito miwili kabla ya kuwafikia wazee hao, na hakuna anayeweza kutuambia lilifika likiwa na sura gani.

Wapurko wakahamia Laikipia. Walisitawi huko. Mvua ilikuwa ya kutosha, ndigana haikuwa tishio kubwa kama kusini, na mifugo iliongezeka hadi walowezi wa Naivasha na Gilgil wakaanza kuitazama Laikipia kwa jicho la uchu. Ile njia ya nusu maili haikuwahi kuwa njia kwelikweli. Karantini za mifugo zilitosha kuifunga, na hivyo ndugu wa kaskazini wakatengana na ndugu wa kusini. Kisha kutengana huko kukafanywa hoja: kwamba taifa moja halifai kukaa katika hifadhi mbili, na kwamba lingeunganishwa upande wa kusini. Gavana Sir Percy Girouard alilishughulikia jambo hilo kuanzia mwaka 1909. Olonana, aliyekuwa kusini na ambaye kuunganishwa kungemwongezea watu, aliunga mkono. Ole Gilisho, ambaye watu wake ndio wangehama, alikataa mwaka 1910, na wizara mjini London ikasimamisha mpango kwa muda.

Machi 1911 Olonana akafariki. Maafisa wa serikali wakaarifu kwamba katika wosia wake aliwataka Wamaasai wa kaskazini wahamie kusini. Wosia huo umezua mjadala usiokwisha, na msomaji anaweza kujiamulia mwenyewe, akikumbuka kwamba kaburi halihojiwi. Tarehe 4 Aprili 1911, chini ya mwezi mmoja baadaye, mkataba wa pili ukatiwa alama. Miongoni mwa waliotia alama walikuwemo Segi, mwana wa Olonana aliyekuwa bado kijana, na Ole Gilisho. Kwa karatasi hiyo ahadi ya milele ya mwaka 1904 ikawa imedumu chini ya miaka saba.

Kwa nini alikubali? Simulizi zilizorithishwa kwa Wapurko zinashikilia kwamba alishurutishwa, na baadhi ya Wazungu waliofanya kazi katika Himaya wakati huo waliamini vivyo hivyo. Serikali ilisema ni hiari, kama ilivyosema mwaka 1904. Wapo leo wanaomhukumu kwa alama hizo mbili na kumweka katika fungu la wasaliti. Mimi siwezi kwenda nao. Mtu aliyeona bunduki zikitumika dhidi ya Wanandi mwaka 1905 na 1906, ambao ni majirani zake wa magharibi, na aliyejua kwamba kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa alipokwenda kukutana na Waingereza kwa mazungumzo, alikuwa na sababu ya kupima kila neno la kukataa. Lakini pia siwezi kusema kwamba alama hazina uzito. Zilikuwa na uzito mkubwa, na aliyezibeba hadi kufa ni yeye.

Uhamisho ulianza Juni 1911. Maelfu ya watu na makundi makubwa ya ng'ombe na kondoo walielekezwa kusini, na sehemu yao kubwa ililazimika kuvuka Mau. Anayeijua Mau mwezi wa Julai ataelewa. Baridi, matope, mvua isiyoisha, na njia nyembamba zilizojaa wanyama hadi wa nyuma wakakuta nyasi zimekwisha. Watu walikufa, wazee na watoto kwanza, na mifugo ikafa kwa wingi. Serikali ilisimamisha safari mwezi Agosti, na baadhi ya waliokuwa njiani wakarejea Laikipia.

Mau haikuwa pori tupu. Ilikuwa nyumbani kwa Waogiek, watu wa mizinga na uwindaji, ambao Wamaasai waliwaita Iltorobo na Wazungu wakawaita Wadorobo. Asali ya Waogiek ndiyo iliyotengenezewa pombe ya sherehe za Wamaasai, na jamii hizi mbili zilikuwa zikibadilishana mali kwa vizazi, ingawa mfugaji alimdharau asiye na ng'ombe. Waogiek hawakuitwa kutia alama mwaka 1904 wala 1911. Hakuna aliyewauliza. Machoni pa sheria ya kikoloni mfugaji angalau alionekana akitembea na mali yake. Mtu wa msituni hakuonekana kabisa.

Ole Gilisho aliikagua ardhi iliyotengwa kusini, akaona haitoshi na sehemu zake hazina maji. Mwaka 1912 ndipo alipofanya jambo ambalo kwa mtu wa mahali pake na wakati wake lilikuwa geni kabisa: alikwenda kutafuta mawakili. Hakukusanya morani. Morani walikuwepo, na wengi wao wangemfuata. Badala yake kesi ikafunguliwa dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Himaya, kwa jina la Murket Ole Nchoko na wenzake, nyuma yao akiwa msemaji huyu wa Wapurko. Ole Nchoko naye hakupona. Majalada ya mahakama yanamwita Ol le Njogo, na kwa jina hilo la kubambikwa anasomwa hadi leo katika vitivo vya sheria duniani. Wakili alikuwa Mwingereza wa Nairobi, Alexander Morrison. Kuhusu gharama, inatosha kukumbuka kwamba Mmaasai wa enzi hiyo hakuwa na benki ila zizi.

Hakuwa peke yake kabisa. Daktari mmoja wa serikali, Norman Leys, aliandika barua kwa watu wenye ushawishi Uingereza kueleza yaliyokuwa yakitendeka, na maswali yakaulizwa katika Bunge la London, ambako Waziri wa Makoloni alikuwa Lewis Harcourt. Barua za serikali kuhusu Wamaasai zilikuwa zimekwisha kuchapishwa mwaka 1911 ili wabunge wazisome. Leys alilipia: mwaka 1913 alihamishiwa Nyasaland. Baadaye, mwaka 1924, alitoa kitabu chake kuhusu Kenya kupitia Hogarth Press, shirika la uchapishaji la Leonard Woolf na mkewe Virginia, ambaye wanafunzi wa fasihi hawahitaji kutambulishwa kwake. Hivyo malalamiko ya wafugaji wa Laikipia yakafika hadi kwenye meza za wasomi wa London, miaka kadhaa kabla ya chama chochote cha siasa cha Waafrika kusikika huko kutoka Kenya.

Uhamisho haukuwangoja mahakimu. Ulianza tena mwaka 1912, na kufikia Aprili 1913 Laikipia ilikuwa imekwisha kuhamwa. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ikaitupa kesi, na Desemba 1913 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ikiketi Mombasa, ikafanya vivyo hivyo. Hoja yake inastahili kuelezwa polepole. Mahakama haikusema kwamba Wamaasai hawana haki. Haikusema pia kwamba mkataba wa 1911 ulifuata hiari yao. Ilisema kwamba Himaya haikuwa nchi ya Mfalme bali nchi ya kigeni iliyo chini ya ulinzi wake. Kwamba kwa hiyo Wamaasai hawakuwa raia wa Uingereza. Kwamba mikataba ile ilikuwa mapatano kati ya taifa na taifa. Na kwamba mapatano ya namna hiyo ni matendo ya dola, ambayo mahakama ya kawaida haina mamlaka ya kuyachunguza. Kwa maneno mengine, Wamaasai walitambuliwa kuwa taifa, na kutambuliwa huko ndiko kulikowanyima nchi. Walipewa heshima ya kuwa wageni katika ardhi yao ili wasiweze kushtaki.

Rufani ya mwisho, ya kwenda kwenye Baraza la Faragha la Mfalme huko London, haikusikilizwa kamwe. Watu wakiwa wameshahamishwa na mali imepungua, kesi ikafia hapo.

Ili kuupima ukubwa wa mtego huo tuangalie jambo lililotokea miaka kumi baadaye, mbali kabisa na hapa. Mwaka 1923 Deskaheh, kiongozi wa Wakayuga, mojawapo ya mataifa sita ya Haudenosaunee ya Amerika Kaskazini, alisafiri hadi Geneva kuiomba Jumuiya ya Mataifa isikilize malalamiko ya watu wake dhidi ya Kanada. Alifungiwa mlango. Aliambiwa kuwa hilo ni suala la ndani la Kanada na himaya ya Uingereza. Basi Mombasa mwenye nchi alikataliwa kwa kuwa ni taifa la nje, na Geneva alikataliwa kwa kuwa ni mtu wa ndani. Himaya ilikuwa moja.

Mlango ulifunguka taratibu, na waliousukuma walikuwa wengi. Mwaka 1982 Umoja wa Mataifa uliunda huko Geneva kikundi cha kazi kuhusu watu wa asili. Agosti 1989 Moringe ole Parkipuny, Mmaasai wa Ngorongoro aliyekuwa mbunge nchini Tanzania, alihutubia kikundi hicho na kuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza kudai mahali hapo kwamba wafugaji na wawindaji wa Afrika nao wamo katika kadhia hii. Februari 1992, mjini Penang, Malaysia, wajumbe wa jamii za misitu ya tropiki kutoka mabara mbalimbali waliunda muungano wao wa kimataifa, kwa kuchoka kuona misitu yao ikijadiliwa na kila mtu isipokuwa wakaao ndani yake. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili lilipitishwa tarehe 13 Septemba 2007. Kenya haikulipigia kura ya ndiyo wala ya hapana.

Na Waogiek, wale ambao mwaka 1911 hawakuulizwa? Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 waondoke Mau. Walikuwa wamezunguka mahakama za Kenya tangu miaka ya 1990 bila kupata walichokitaka, hivyo safari hii mashirika yaliyowatetea yakapeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo Tume ikayafikisha mwaka 2012 mbele ya Mahakama ya Afrika mjini Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama iliamua kwamba Waogiek ni watu wa asili, kwamba Kenya ilikiuka haki zao za ardhi, dini, utamaduni na maendeleo, na kwamba hoja ya kuhifadhi msitu haikutosha kuwafukuza. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara mengine, na wapewe hatimiliki ya pamoja ya ardhi yao. Kati ya Mombasa ya 1913 na Arusha ya 2017 ni miaka 104. Swali ni lilelile: jamii inaposema nchi hii ni yetu, je, yupo hakimu anayeruhusiwa kuisikiliza? Ole Gilisho ndiye wa mapema zaidi miongoni mwa Waafrika wa Bonde la Ufa kulipeleka swali hilo mbele ya majaji, na jibu alilopata ndilo vizazi vilivyofuata vilivyolazimika kulivunja.

Nasema hivi nikiwa najua kwamba jambo hili lina mwiba. Ardhi ya Bonde haikubaki mikononi mwa walowezi. Baada ya uhuru ilinunuliwa na kugawiwa, na sisi ambao wazazi wetu walipata mashamba yao Dundori na viunga vyake tulikuja kwa haki yetu, tukiwa wengine watoto wa watu waliofanyishwa kazi kwenye mashamba ya wazungu bila kumiliki hata shubiri. Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana kudai Laikipia irejeshwe, mashamba makubwa yakavamiwa, polisi wakaingia, na mzee mmoja akauawa kwa risasi. Sioni faida ya kuifunika historia hii kwa kuogopa kwamba mtu ataitumia vibaya. Imekwisha kutumiwa vibaya na wasioijua. Dhuluma ya 1904 na 1911 ilifanywa na dola, kwa karatasi, na mwenye kuidai anapaswa kujua jina la aliyeitenda.

Miaka ya mwisho ya Ole Gilisho ina mengi ya kusikitisha na machache ya kusimulia. Aliishi kusini pamoja na watu wake. Laikipia, aliyoipigania, ilikatwa vipande vya walowezi, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza askari wa Kiingereza waliostaafu wakagawiwa mashamba huko na kwingineko. Mwaka 1915 sheria mpya iliwapa walowezi uwezo wa kukodi ardhi kwa miaka 999, muda ambao kwa hesabu ya kawaida unafanana na ule wa maadamu taifa lingalipo. Tume ya Ardhi ya Carter ilipozunguka nchi kuanzia mwaka 1932, Wamaasai waliyafufua madai yao ya Laikipia na Bonde, wakaambiwa mambo yalikwisha. Tume hiyohiyo katika ripoti yake ya mwaka 1934 ilipendekeza Wadorobo waondolewe misituni na kuchanganywa na makabila makubwa wanayokaribiana nayo, kana kwamba watu ni vijito vya kumwagwa mtoni.

Parsaloi Ole Gilisho alifariki mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka sitini na kitu. Mwaka huohuo, kule Njoro, kwenye nchi iliyokuwa imeandikwa jina la Delamere kabla ya wino wa mkataba wa kwanza kuwepo, Lord Egerton wa Tatton alifungua shule ya kilimo kwa vijana wa Kizungu. Shule hiyo sasa ni chuo kikuu, na Kiswahili ni miongoni mwa masomo yanayofundishwa humo.